Mgomo wa mabasi wa Montgomery: kanisa ndilo lililoubeba, au tunalibebesha sifa za wengine?

#1 Mchungaji wa Bondeni

Wakuu, salaam. Naleta hoja, mwenye jiwe arushe.

Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, ulioanza Jumatatu tarehe 5 Desemba 1955, haukubebwa na hotuba za Martin Luther King. Ulibebwa na kanisa la watu weusi kama taasisi: jengo, sahani ya sadaka, daftari la waumini na mtu wa kusoma matangazo. Mimbarini tunapenda kumhubiri King kama nabii aliyeshuka na wingu. Alikuwa kijana wa miaka 26, mgeni aliyefika mjini 1954.

Tazameni mwendo wenyewe. Rosa Parks, mwanamke mweusi, anakamatwa Alhamisi tarehe 1 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Ijumaa jioni viongozi wako kanisa la Dexter Avenue Baptist. Jumapili wachungaji wanatangaza. Jumatatu mabasi yanapita matupu, mchana huohuo chama cha kusimamia mgomo, Montgomery Improvement Association (nitaandika MIA), kinaundwa katika kanisa la Mt. Zion AME Zion, na jioni maelfu wamejaa Holt Street Baptist hadi barabarani, vipaza sauti vimeelekezwa nje. Siku nne tu!

Nina sababu mbili. Kwanza, kanisa lilikuwa karibu jengo pekee kubwa ambalo mtu mweusi hakulipia kodi kwa mzungu. First Baptist ya Mchungaji Ralph Abernathy iliitwa kanisa la tofali moja kwa siku, kwa sababu jengo la zamani lilipoungua mwaka 1910 waumini waliombwa kila mtu alete tofali moja kila siku hadi ukuta usimame. Pili, mchungaji alilipwa na waumini wake. Bosi mzungu angemfukuza kazi dobi, mpishi au mwalimu, lakini mchungaji asingemgusa mshahara.

Karibuni.

#2 Bibi Maktaba

Mchungaji, shikamoo. Umeruka usiku mmoja, na ndio usiku wenyewe.

Kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi, Jo Ann Robinson, mwalimu wa Alabama State College na kiongozi wa Women's Political Council, aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili wakadurufu vipeperushi mpaka alfajiri. Tangazo lilichapwa mara 3 kwenye stensili moja, kila karatasi ikakatwa vipande 3. Ndiyo maana makadirio yanapishana, kuna wanaosema 35,000 na kuna wanaozidisha 50,000. Asubuhi yakagawiwa shuleni, saluni, viwandani, madukani. Wachungaji wanakutana Ijumaa jioni, mji umeshajua. Walichofanya wao ni kufupisha tangazo lake na kudurufu jingine.

Baraza hilo la wanawake lilianzishwa na Mary Fair Burks mwaka 1946. Tarehe 21 Mei 1954 Robinson alishamwandikia meya Gayle barua kwamba watu wanafikiria kususia mabasi. King alikuwa hajamaliza hata kuhamia.

Na hiyo sababu yako ya mshahara inakugeuka. Robinson alilipwa na serikali ya jimbo, alitumia mashine ya jimbo, na ndiye aliyetangulia. Wachungaji wenye mishahara salama walikuja nyuma yake.

#3 Kasuku wa Nyali

Mchungaji kafungwa bao dakika ya kwanza 😂 Mwamuzi aongeze muda.

#4 Konda Mstaafu

Mnabishana nani alianzisha. Mimi nawauliza: nani aliendesha? Kuanzisha mgomo wa siku moja ni rahisi. Siku ya tatu mvua inanyesha, mama ana kilomita 8 hadi jikoni kwa bosi, ndipo mgomo unapokufa.

Basi lenyewe lilikuwa na viti 36. Viti 10 vya mbele vya wazungu hata vikiwa vitupu, 10 vya nyuma vya weusi, 16 vya katikati dereva anaamua. Mweusi alilipa senti 10 mlango wa mbele, akashuka, akazunguka kupandia mlango wa nyuma, na mara nyingine basi liliondoka akiwa bado anazunguka na nauli imeshaliwa. Abiria wapatao robo tatu walikuwa weusi. Kampuni ikiwapoteza hao hailipi hata mafuta.

Siku za kwanza teksi za watu weusi, magari kama 210, zilibeba mtu kwa senti 10 ileile ya basi. Siku ya nne kamishna wa polisi, Clyde Sellers, akakumbusha kuwa sheria inataka nauli ya chini senti 45. Teksi zikafa hapohapo. Usiku huo King akampigia simu Mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, Louisiana, aliyeendesha mgomo kama huo Juni 1953. Jemison akampa siri ya mchezo: magari ya watu binafsi, na usitoze nauli. Ukitoza hata senti tano umekuwa teksi bila leseni, na polisi wanakungojea hilo tu.

Basi ikawa hivi. Asubuhi watu wanakusanyika vituo zaidi ya 40, vingi vikiwa makanisa, milango ikifunguliwa mapema ili wangojee ndani kwenye joto. Jioni mkondo unageuka, watu wanatoka mitaa ya wazungu kurudi, kwa hiyo vituo vya jioni ni vingine kabisa. Katikati ya mji kulikuwa na maegesho ya mtu mweusi, hapo ndipo magari yalipopangwa upya: huyu mashariki, huyu magharibi, huyu ngoja ujaze. Aliyesimamia kamati ya usafiri mwanzoni ni Rufus Lewis. Magari yalifika kama 300.

Kinachoua mfumo wa namna hii ni magari yote kukimbilia njia nzuri na kuziacha mbaya. Kwa hiyo bila mtu wa kugawa magari pale kati, na anayetiiwa, hakuna mgomo. Hapo nampa Mchungaji nusu pointi: dereva alimtii msimamizi kwa sababu Jumatatu na Alhamisi jioni walikuwa wote kwenye mkutano kanisani.

#5 Hesabu Kali

Konda, nimepiga hesabu, haitoshi.

Kampuni ilipoteza takriban safari 30,000 kwa siku. Chukua magari 300, abiria 5 kila gari. Asubuhi una saa mbili na nusu, na kwenda na kurudi na kupakia ni kama dakika 40, kwa hiyo mizunguko 4 ukibahatika. 300 × 5 × 4 ni 6,000. Jioni vilevile. Jumla 12,000, na hapo nimedhani kila gari lipo na halijaharibika, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani.

Kwa hiyo zaidi ya nusu hawakubebwa na magari ya MIA. Walitembea, walipewa lifti, au hawakwenda. Mgomo ulibebwa na miguu.

#6 Bibi Maktaba

#5, ongeza kundi moja unalolisahau: mabibi wa kizungu. Walitaka kupikiwa na kufuliwa, wakawa wanawafuata wafanyakazi wao kwa magari yao wenyewe asubuhi na kuwarudisha jioni. Januari 1956 meya Gayle aliwasihi hadharani waache, kwamba wanausaidia mgomo. Wengi hawakuacha. Nani afue?

#7 Kasuku wa Nyali

Meya na polisi wote hawana jibu la nguo chafu 😂

#8 Wakili Mkaidi

Naona mnapambana na magari, lakini magari hayakuondoa ubaguzi kwenye basi hata moja. Kesi ndiyo iliyoondoa.

Madai ya MIA ya mwanzo yalikuwa matatu: lugha ya heshima, anayewahi akae (weusi wakianzia nyuma, wazungu mbele), na madereva weusi kwenye njia za weusi. Hawakudai kufuta ubaguzi! Mji wa Mobile, palepale Alabama, ulishakuwa na utaratibu huo wa kukaa. Montgomery wakakataa hata hilo. Wangekubali Desemba, mgomo ungekwisha kwa ushindi mdogo.

Tarehe 1 Februari 1956 wakili Fred Gray alifungua Browder dhidi ya Gayle katika mahakama ya shirikisho. Kesi ya Parks hakuitumia, kwa sababu ilikuwa ya jinai katika mahakama za jimbo, ingezungushwa miaka. Walalamikaji wakawa Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith. Colvin alikamatwa tarehe 2 Machi 1955 akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Parks. Mlalamikaji wa tano alijitoa mara moja baada ya vitisho. Tarehe 5 Juni majaji watatu wakaamua 2 kwa 1 kwamba ubaguzi kwenye mabasi unavunja Katiba. Tarehe 13 Novemba Mahakama ya Juu ikathibitisha.

Sasa sikilizeni. Siku hiyohiyo ya 13 Novemba, mahakama ya jimbo ilitoa zuio dhidi ya magari ya MIA, kwa hoja kwamba ni biashara ya usafiri isiyo na leseni. Yaani mfumo wote wa Konda ulizimwa kwa karatasi moja. Habari ya Mahakama ya Juu isingefika, mngekuwa mnasoma historia ya mgomo ulioshindwa.

#9 Mchungaji wa Bondeni

Wakili, nakubali tarehe zako zote, nakataa hitimisho. Walalamikaji wale waliishi wapi miezi yote hiyo? Ndani ya mji ambao nyumba ya King ililipuliwa tarehe 30 Januari na ya E. D. Nixon, mtu wa chama cha wafanyakazi, siku mbili baadaye. Kesi inahitaji ada, inahitaji watu wasiovunjika moyo hakimu akichelewa. Na zuio lilipotoka, agizo la Mahakama ya Juu lilikuwa halijafika mjini, lilifika tarehe 20 Desemba. Wiki tano bila magari na bila basi, na bado hawakupanda. Nani aliwashikilia wiki hizo tano?

#10 Wakili Mkaidi

Habari ya ushindi ndiyo iliyowashikilia. Ukijua hukumu iko njiani unatembea hata miezi miwili.

#11 Mama Hazina

Nimewasoma wote. Hakuna aliyegusa fedha, na fedha ndiyo penye kazi.

Gharama za MIA zilipanda hadi kama dola 5,000 kwa mwezi: mafuta, matairi, matengenezo, watu wa ofisini. Nauli hairuhusiwi, kama Konda alivyoeleza, kwa hiyo kila senti ni mchango. Michango ya nje ilikuja kadiri habari zilivyoenea, lakini ya ndani ilikusanywa hivi.

Georgia Gilmore alikuwa mpishi wa mgahawa. Alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi Machi 1956, King aliposhtakiwa kwa kuongoza mgomo. Aliunda kikundi cha wanawake wapishi, wanauza kuku wa kukaanga, sandwichi za samaki, keki na pai za viazi vitamu, saluni na majumbani. Kikaitwa Klabu Isiyotoka Popote, Club from Nowhere, maana akiulizwa fedha zimetoka wapi jibu ni “hazikutoka popote”. Wanunuzi wengine walikuwa wafanyakazi wa ndani, wengine wazungu wasiotaka kujulikana. Jina la mchangiaji likiandikwa, kesho hana kazi. Kwa hiyo wachangiaji hawakuandikwa, ila jumla ilisomwa mbele ya watu wote mkutanoni. Mitaa ya upande wa pili Inez Ricks akaanzisha chake, Friendly Club, na kila wiki vikundi viwili vikashindana nani kaleta zaidi. Mashindano yale yalileta fedha kuliko mahubiri, Mchungaji unisamehe.

Kasoro inakuja penye mlango huohuo. Mchango usio na jina hauna stakabadhi, na usipokuwa na stakabadhi, maneno yanaanza. Juni 1956 katibu wa MIA, Mchungaji Uriah Fields, alijiuzulu na kudai hadharani kwamba fedha zinatumika vibaya. Baada ya wiki moja alisimama mkutanoni pamoja na King akayafuta maneno yake. Watu walimtulia kwa shida.

Kwa anayetaka kuiga kwenye kanisa lake: jina la mtoaji linaweza kufichwa, lakini kiasi kisifichwe. Wahesabu watu wasiopungua wawili, wasio ndugu, wasaini palepale kabla fedha haijatoka chumbani, jumla isomwe siku hiyohiyo. Ikisomwa wiki ijayo umeshachelewa.

#12 Konda Mstaafu

#11 umenikumbusha zile station wagon. Fedha za nje zilipoingia walinunua magari makubwa zaidi ya 15, yakasajiliwa kwa majina ya makanisa na kuchorwa jina la kanisa ubavuni. Watu wakayaita makanisa yenye magurudumu. Hesabu Kali, hayo yanabeba 8 na zaidi, rekebisha 12,000 yako.

#13 Hesabu Kali

Hata ukiweka 20 ya watu 8 kwa mizunguko 8 ni 1,280. Miguu bado inaongoza.

#14 Mtu wa Bima

Usajili wa jina la kanisa ulikuwa na faida na balaa lake. Faida, gari si la mtu binafsi, kwa hiyo bosi hawezi kumtisha mwenye gari. Balaa, sasa adui anajua bima zote ziko sehemu moja. Mawakala wa kusini walishinikizwa, hati za bima zikafutwa mara kwa mara. Na gari lisilo na bima likimgonga mtu, wa kwanza kushtakiwa ni kanisa lililoandikwa ubavuni, na jengo lenyewe linaweza kwenda na deni. Lile la tofali moja kwa siku!

Aliyewatoa ni T. M. Alexander, wakala mweusi wa Atlanta, aliyepeleka hatari hiyo hadi Lloyd's, soko la bima la London. Kwa soko la London, mgomo wa Alabama ni hatari ya barabarani kama nyingine. Hawakuwa na jirani wa kumwogopa.

Kwa hiyo mkiorodhesha walioubeba mgomo, andikeni na hati ya bima. Hakuna atakayeihubiri, najua.

Na magari binafsi yalipigwa vilevile: polisi waliandika faini kwa kila kitu. King mwenyewe alikamatwa tarehe 26 Januari 1956 kwa kwenda maili 30 penye 25. Faini zikirundikana, leseni inakwenda, na bima inaifuata.

#15 Bibi Maktaba

Mchungaji, nakuletea tukio linalokupa haki na kukunyima kwa pamoja.

Jumamosi tarehe 21 Januari 1956 mji ulitoa taarifa ya uongo kwamba makubaliano yamefikiwa na mgomo umekwisha, itoke kwenye gazeti la Jumapili. Waliokubaliana na meya walikuwa wachungaji watatu weusi, wote nje ya MIA. Mwandishi Carl Rowan, akiwa Minneapolis, aliiona habari kwenye taarifa za shirika la habari akampigia King kuuliza. MIA walikuwa na usiku mmoja. Wakagawana: Jumamosi usiku wengine wazunguke baa na vilabu kuwaambia watu ni uongo, Jumapili asubuhi wachungaji waseme madhabahuni. Jumatatu mabasi matupu.

Sasa pima. Matangazo ya kanisa yaliuokoa mgomo. Lakini waliouuza ni wachungaji, na nusu ya habari ilipitia baa.

#16 Mchungaji wa Bondeni

Hilo la baa nitalisema Jumapili, wazee wa kanisa wanisamehe.

Na Nixon naye asisahaulike. Mhudumu wa treni za kulala, mtu wa chama cha wafanyakazi, ndiye aliyemtoa Parks kwa dhamana na kuwapigia wachungaji simu. Mkutano wa Ijumaa aliukosa kwa sababu alikuwa safarini kazini. Tarehe 5 alipowasikia wachungaji wakitaka kuendesha mambo kwa siri, majina yasijulikane, aliwakaripia kama watoto. Kwa hiyo ukisema chama cha wafanyakazi kilikuwa uti wa mgongo, sikupingi sana.

#17 Kasuku wa Nyali

Mchungaji anaanza kuhama timu. Halafu historia ya watu weusi na kanisa mnaitafuta Alabama wakati hapa Mombasa tuna Freretown, wamisionari wa CMS waliwapokea watumwa waliokombolewa toka 1875, na kengele ipo mpaka leo.

#18 Wakili Mkaidi

Kasuku fungua uzi wake, tutakuja. Hapa tuache tumalizane.

#19 Mlutheri wa Usharikani

Wote mmezungumzia miundombinu. Imani yenyewe je? Watu walipigwa, nyumba zikalipuliwa, na hakuna basi lililochomwa moto. Hilo halielezwi na bima.

Usiku nyumba ya King ilipolipuliwa, umati wenye silaha ulikusanyika nje, akatoka barazani akawataka warudi nyumbani. Baada ya hapo aliomba kibali cha bunduki, akanyimwa. Mafundisho ya kutotumia nguvu kwa mtindo wa Gandhi yaliingia zaidi Februari 1956 alipofika mwanaharakati Bayard Rustin, ingawa mkutubi mzungu wa mjini, Juliette Morgan, alishalinganisha mgomo na Gandhi kwenye barua ya gazetini tarehe 12 Desemba 1955. Kabla ya hapo walichokuwa nacho ni Biblia: Holt Street usiku wa kwanza, King alitegemea Amosi 5:24, haki itiririke kama maji.

Kulikuwa na mchungaji mzungu mmoja, Robert Graetz, Mlutheri, akihudumia usharika wa weusi wa Trinity Lutheran, naye akiendesha gari la mgomo. Siku moja baada ya uamuzi wa Novemba alisoma 1 Wakorintho 13 mkutanoni. Alipofika mstari wa 11, mtu mzima kuacha mambo ya kitoto, ukumbi ulilipuka kwa shangwe kabla hajamaliza sentensi. Wale walikuwa wanalijua andiko na wanajua linasema nini juu yao wiki ile. Hiyo ndiyo iliyowashikilia wiki tano, Wakili, si karatasi ya mahakama.

#20 Wakili Mkaidi

Walishangilia siku moja baada ya hukumu. Umenisaidia hoja.

#21 Hesabu Kali

Jambo dogo. Kila mahali imeandikwa siku 381. Toka 5 Desemba 1955 hadi 20 Desemba 1956, na 1956 ni mwaka mrefu, tofauti ni 381. Lakini ukihesabu siku ambazo hawakupanda, 5 na 20 zote ndani, ni 382. Walipanda tarehe 21.

#22 Mama Hazina

Wewe ndiye tunayekutaka kwenye meza ya kuhesabu sadaka.

#23 Mkazi wa Jozi

Naongeza kesi moja ya kupima nadharia zenu. Alexandra, Johannesburg, Januari hadi Aprili 1957: nauli ya basi la PUTCO ilipanda penii moja, toka 4 hadi 5. Watu wakasusia, wakatembea takriban kilomita 15 kwenda mjini na 15 kurudi. Magari ya kupangwa hawakuwa nayo kwa kiwango cha Montgomery, kesi ya katiba hawakuwa nayo, na wachungaji hawakuwa mbele. Walishinda: wenye biashara waligharamia tofauti ya nauli, abiria akarudi kulipa penii 4.

#24 Konda Mstaafu

Lakini walidai penii, Mkuu. Penii ina mlipaji, unamtafuta mwajiri anailipa na mambo yanakwisha. Kiti cha mbele nani akulipie? Ndiyo maana Alexandra ilichukua miezi mitatu na Montgomery mwaka.

#25 Mkazi wa Jozi

Na hata baada ya kushinda kiti: tarehe 28 Desemba 1956 Rosa Jordan, mjamzito, alipigwa risasi miguu yote miwili ndani ya basi. Tarehe 10 Januari 1957 makanisa manne yalilipuliwa usiku mmoja, pamoja na nyumba za Abernathy na Graetz. Waliolipua hawakwenda kwa Fred Gray wala kwenye mashine ya kudurufu ya Robinson.

#26 Bibi Maktaba

Walilipua majengo wanayoyaona. Mashine ilikuwa ya jimbo, wangeilipuaje mali yao?

#27 Mtu wa Bima

Hayo makanisa manne, kuna anayejua yalikuwa na bima ya moto na milipuko au waumini walijenga upya kwa mfuko wao? Hapo ndipo tutajua kanisa lilikuwa na nguvu kiasi gani.